Jumapili kwa pikipiki: Bagamoyo, Msata, Chalinze na kurudi. Ruvu unauvuka mara mbili

Cheni Kavu (mleta mada)

Wakuu, habari za mapumziko.

Wengi mmenifuata PM kuuliza ule mzunguko tunaopiga na washkaji Jumapili, nimeona niumwage hapa kwa faida ya wote. Picha hakuna. Nilikuwa naendesha, si napiga picha, kwa hiyo wa "uzi bila picha" wapite kimyakimya.

Njia yenyewe: Tegeta, Bunju, Bagamoyo, unashika barabara ya Msata, ukifika Msata unakata kushoto kwenda Chalinze, Chalinze unaingia Morogoro Road unarudi mjini. Lami mwanzo mwisho, na mzunguko mzima haufiki kilomita 300. Mwenye haraka zake anaumaliza kabla ya chakula cha mchana. Sisi tunatoka kumi na mbili alfajiri na kuingia Kimara jua linazama. Ukiona huo ni upotevu wa siku, uzi huu haukuhusu.

Tulikuwa pikipiki tano: Boxer mbili, TVS moja, Honda XL ya zamani ya mzee wetu mmoja fundi cherehani, na Royal Enfield Himalayan ya jamaa ambaye nitamwacha ajitokeze mwenyewe humu. Sheria ya msafara ni moja tu: pikipiki yenye injini ndogo kuliko zote ndiyo inakaa mbele na ndiyo inayoamua mwendo. Kubwa inakaa mkiani. Hakuna wa kuachwa, na hakuna wa kumuua Boxer wa watu kwa kumfukuza Himalayan. Tunatembea 60, tukichangamka sana 70.

Baada ya Bunju kuna daraja dogo ambalo wengi wenu mmelipita maisha yenu yote bila kuliangalia. Ule ni mto Mpiji, ndipo Dar inapoishia na Pwani kuanza. Kutoka hapo ni Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo: mikorosho, miembe, na vibao vya "viwanja vinauzwa" vingi kuliko watu. Bagamoyo tukanywa chai karibu na soko la samaki, chapati na supu, tukajaza mafuta.

Sasa utamu unaanza pale unapoiacha Bagamoyo kushika njia ya Msata. Barabara inateremka taratibu, na ghafla uko kwenye bonde la Ruvu. Tambarare tupu. Tuta la barabara limeinuliwa, kulia na kushoto ni majani, madimbwi, mpunga kidogo, ng'ombe wa wafugaji wamezama hadi magotini na yangeyange wamewakalia mgongoni. Saa mbili asubuhi ukungu bado haujaondoka wote. Visor ya helmeti inaloa, unaifungua, unapigwa na harufu ya matope na majani mabichi. Kwa mwendo wa 60 bonde lile linakuchukua muda wa kutosha kuliona.

Darajani tulivuka kwanza, tukaegesha mbali nje ya lami, tukarudi kwa miguu. Msisimame JUU ya daraja, nasema kwa herufi kubwa. Maji ya Ruvu pale ni ya kahawia, mazito, yanakwenda polepole yakiwa na udongo wa Uluguru. Kijana mmoja alikuwa na kambale wanne kwenye kamba ya mgomba, mmoja bado anachezesha ndevu. Fundi cherehani akataka kununua. Tukamuuliza atambeba wapi hadi jioni. Akamnunua.

Naendelea, ngoja niweke chai.

Kiti cha Nyuma

Nimekaa pale kwenye mkeka na karanga zangu. Kambale aliishia wapi?

Mkwere Halisi

Mleta mada umenikumbusha nyumbani. Ila usije ukaniambia mlifika Msata mkakata kushoto moja kwa moja bila kwenda kulia kuona mto Wami. Hapo nitauacha uzi.

Dereva wa Kaskazini

Mimi naendesha basi njia hiyo hiyo ya Bagamoyo–Msata kwenda kaskazini. Naomba niseme la moyoni bila ugomvi. Nyie wa 60 mnatutesa. Si kwa sababu ya 60, Boxer la mizigo linakwenda hivyo hivyo kila siku na halinisumbui. Tatizo mnatembea kundi. Pikipiki tano zimeshikana, ili nizipite lazima nizipite zote kwa mkupuo, na hapo nahitaji barabara nyeupe ndefu sana mbele yangu. Nikikosa, nabaki nyuma yenu napiga honi, abiria wananilaani.

Achianeni nafasi. Ukimpita mmoja uwe na pa kuingia kabla ya kumpita wa pili. Mita mia hivi kati ya pikipiki na pikipiki. Tena mkae kushoto lakini msishuke na kupanda ukingo wa lami, maana ule mkato wa lami na changarawe ndio unaowaangusha, halafu lawama kwa basi.

Cheni Kavu

Dereva wa Kaskazini, hoja ya nafasi naichukua kama ilivyo, tutaifanyia kazi. Lakini na wewe kubali kwamba honi ya basi ikipigwa mita tano nyuma ya sikio la mtu wa Boxer haimpi nafasi, inamtetemesha tu.

Dereva wa Kaskazini

Nimekubali. Ila si wote tunapiga hivyo.

Cheni Kavu

Kwa wageni wa njia hii: basi likija mbele yenu kwa kasi, ule upepo wake unakupiga mara mbili. Unakusukuma nje, basi likishapita unakuvuta ndani. Usiukaze usukani. Bana tangi kwa magoti, legeza viwiko, pikipiki itajinyoosha yenyewe. Pale bondeni hakuna mti wa kukukinga, kwa hiyo ndipo unapoonja vizuri.

Sasa sehemu ya pili.

Tulipofika Makurunge, kwenye mashamba ya miwa, TVS ikaanza kulia. Kila akiachia mafuta na kuvuta tena, inagonga chini. Cheni imelegea. Tukasimama chini ya mti, na hapa nataka niseme kitu maana naona pikipiki nyingi za mjini zinauawa kwa cheni. Weka kidole chini ya cheni katikati, kati ya sproketi mbili, isukume juu. Inatakiwa icheze kama upana wa vidole viwili. Yetu ilikuwa inakaribia kugusa kikingio. Unalegeza nati ya ekseli, unazungusha vikazio vya pande zote mbili kwa kiasi kilekile ukifuata zile alama za pembeni; ukikosea, tairi linakaa upande na unakula tairi na sproketi kwa pamoja. Unazungusha tairi na kupima tena sehemu nyingine, kwa sababu cheni iliyochoka haichakai sawasawa. Halafu ndio unakaza nati.

Usiikaze ikanyooka. Mafundi wengi wa kijiweni wanaikaza hivyo ili mteja aone kazi. Ukipanda na abiria, pikipiki inakaa chini kwa nyuma na cheni inajikaza zaidi. Isipokuwa na pa kwenda, inakula beringi.

Mzee wa XL alimaliza hayo yote huku sigara haijatoka mdomoni. Himalayan, mwenye mfuko mzima wa spana mpya za kung'aa, ikagundulika hana ya saizi ile.

Nyuma ya Msafara

Mimi ndiye Himalayan. Spana zile zilikuja na pikipiki, ni za pikipiki ile. Na niseme wazi mbele ya jamvi: kukaa mkiani kwa 60 na chombo kinachokwenda 120 bila kutoa jasho ni adhabu. Nilikuwa gia ya tatu nusu ya safari.

Cheni Kavu

Na bado umekuja kila tulipokuita.

Nyuma ya Msafara

Nakuja kwa ajili ya nanasi.

Kiti cha Nyuma

Nanasi tena? Kambale kwanza.

Cheni Kavu

Haya, Kiwangwa. Wanaojua wanajua. Baada ya Fukayosi unaanza kuona mafungu ya mananasi kando ya barabara, na ukifika Kiwangwa ndio makao makuu. Mama mmoja pale alinifurahisha. Anashika nanasi kwa kilemba chake cha majani, halikai mezani kabisa, liko hewani. Kisu kinashuka kutoka juu, ganda linadondoka kwa vipande virefu kwenye ndoo. Halafu yale macho ya nanasi hayang'oi moja moja. Anakata mfereji wa mshazari unaozunguka nanasi zima, macho yote yanatoka kwa mstari na nyama haipotei. Anakupa umeshika kilemba hicho hicho, unakula kama koni ya aiskrimu, na chumvi yenye pilipili kwenye karatasi ukitaka. Bei sisemi, msije mkaenda kumkomalia.

Tulilala pale kwenye majani karibu saa nzima. Himalayan alikula manne.

Nyuma ya Msafara

Matatu na nusu.

Mzee wa Kaole

Vijana, mmeandika vizuri, naongeza kidogo. Huo mto mnaouita Ruvu, huku pwani wazee na vitabu vya zamani waliuita Kingani. Bagamoyo ilipokuwa mlango wa misafara, kila msafara uliokwenda bara ulikuwa na shughuli moja kubwa mapema kabisa, nayo ni kuuvuka mto huo. Hakukuwa na daraja. Watu na mizigo vilivushwa kwa mitumbwi, pembe za ndovu nazo zikirudi kwa njia hiyo hiyo. Burton na Speke walitoka Kaole mwaka 1857 na kuanza kwa kulifuata bonde hilo. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 naye akauvuka. Wapagazi waliobeba mzigo kichwani mwendo wao wa siku nzima nyie mnaumaliza kabla chai haijashuka tumboni, na 60 yenu hiyo.

Mkiwa na nafasi siku nyingine, ingieni Kaole magofuni kabla ya kushika njia ya Msata. Msikiti wa pale ni wa karne ya 13.

Bint Dunda

Shikamoo Mzee wa Kaole.

Mimi ni mwenyeji wa Bagamoyo. Nawaomba wanaosoma uzi huu wasichukulie lile neno "tukarudi kwa miguu" kama ruhusa ya kushuka mtoni kunawa. Ruvu una mamba na una viboko, na watu wa bondeni wanaouingia kuchota maji au kutega wanajua wapi na saa ngapi. Wewe wa mjini hujui. Angalia ukiwa juu. Ukitaka kuwaona viboko kwa raha, kuna mitumbwi ya injini inayopeleka wageni mdomoni mwa mto, unapita kwenye mikoko, unakaa na koti la kuokolea, basi.

Swali langu sasa: nina skuta ya 110. Mnapokea skuta?

Cheni Kavu

Bint Dunda, karibu sana. Kwa sheria yetu skuta ya 110 inakaa mbele. Utatuongoza wewe.

Nyuma ya Msafara

Jamani.

Mzee wa Kaole

Marahaba binti. Waongoze.

Mkwere Halisi

Bado nasubiri habari za Wami.

Cheni Kavu

Mkwere, tulikata kushoto. Jua lilikuwa limesogea, nanasi lilitukalisha. Usiuache uzi.

Msata–Chalinze sina mengi. Lugoba kuna machimbo ya kokoto, malori yanaingia na kutoka na vumbi lake, funika pua upite. Upande ule ule ni Msoga, kwao na Mzee Kikwete. Chalinze tukala nyama choma na ndizi, na fundi cherehani akampa mama ntilie mmoja yule kambale amkaangie. Kiti cha Nyuma, umeridhika? Tulimla watu watano na ugali mdogo. Alikuwa amekaa masaa yote hayo ndani ya kitambaa kilicholoweshwa maji, nyuma ya kiti cha XL, na alipofunguliwa alikuwa bado anahema. Kambale anavuta hewa kama mtu, ndiyo maana.

Kiti cha Nyuma

Sasa naweza kulala.

Mkwere Halisi

Basi niwaambie mimi mlichokosa. Ukitoka Msata ukashika kulia, barabara ya Segera, unafika Wami. Daraja la zamani ni la mwaka 1959, njia moja, gari moja likipita jingine lilikuwa linasubiri, na pande zote mbili ni mteremko mkali wenye kona. Malori mangapi yaliishia mle bondeni, wenye njia hiyo wanajua. Jipya lilianza kupitisha magari mwaka 2022, refu zaidi ya mita 500, limeruka bonde zima. Unapita juu, la zamani unaliona pale chini na mto umebanwa kwenye miamba. Si tambarare kama Ruvu, ni mto mwenye hasira. Huo unashuka hadi baharini ndani ya hifadhi ya Saadani.

Kwa pikipiki, mngefika pale saa tisa na jua liko pembeni, mngejua kwa nini nawasumbua.

Cheni Kavu

Sehemu ya mwisho, halafu nawaachia uwanja.

Chalinze–Mlandizi ndiyo sehemu nisiyoipenda na sitawadanganya. Ni malori ya Zambia, Kongo, Rwanda, mabasi ya mikoa yote, tochi za trafiki kila penye makazi, na mizani ya Vigwaza ina foleni ya semi ndefu. Hapa raha ya mwendo wa pole inaisha, unaendesha kwa adabu tu. Kofia ngumu zote mbili, wa mbele na wa nyuma, leseni, bima, taa zinawaka. Hatukusimamishwa hata mara moja.

Lakini baada ya Vigwaza unakutana na Ruvu tena, mara ya pili, juu zaidi kwenye mkondo wake. Kabla ya daraja kuna mashamba ya umwagiliaji ya mpunga ya Chauru. Tulitoka barabarani tukasimama kwenye tuta la mfereji. Barabara kuu iko hapo hapo unaisikia, lakini mbele yako ni kijani kitupu na watoto wanafukuza ndege kwa makopo. Reli nayo inavuka mto jirani, ya zamani na ya SGR, na tukabahatika kuona treni ya umeme ikipita. Haina kelele kabisa. Fundi cherehani akasema ndiyo maana haiaminiki.

Maji yaliyokuwa chini yetu pale ndiyo yanayokwenda kupita chini ya lile daraja la asubuhi. Mzunguko wote tulikuwa tunaurudia mto kinyume.

Koki ya Mtaa

Si yote yanayofika kule, mkuu. Mengine unayanywa. Nafanya kazi za maji, kwa hiyo niruhusuni. Karibu na Mlandizi ndipo kilipo chanzo cha Ruvu Juu, uwezo wake lita milioni 196 kwa siku. Kule Bagamoyo ni Ruvu Chini, lita milioni 270 kwa siku. Yaani madaraja yenu mawili kila moja lina mtambo wake jirani, na sehemu kubwa ya jiji la Dar pamoja na Kibaha na Bagamoyo inategemea mto huo mmoja. Mnakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2022? Vuli ilichelewa, Ruvu ukashuka, mabomba yakakauka hadi kwa wenye mageti ya umeme. Ndiyo sababu linajengwa bwawa la Kidunda, huko juu Morogoro Vijijini, la kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 ili kiangazi wawe wanafungulia kidogo kidogo.

Mkipita pale Julai mkaona mto mwembamba, mjue ndoo za mtaani kwenu zinaanza kupangwa.

Cheni Kavu

Koki, hii sikuwa nayo. Tulikaa pale tukibishana kama maji yamepungua au la, kumbe kuna mtu analipwa kuyaangalia.

Koki ya Mtaa

Analipwa kidogo.

Dereva wa Kaskazini

Swali la kawaida. Mafuta mlitumia kiasi gani? Nauliza kwa sababu kuna mdogo wangu ana Boxer anaogopa umbali.

Cheni Kavu

Boxer zilijazwa Bagamoyo na zikaongezwa kidogo Chalinze, na zilirudi na akiba. Kwa 60 hiyo hazinywi. Mwambie mdogo wako aogope tairi na cheni, mafuta asiyahofie. Abebe tyubu ya nyuma, pampu ya mkono na vijiko viwili vya kutolea tairi. Kati ya Makurunge na Kiwangwa ukipata pancha mafundi wako mbalimbali. Na msimu: hii Juni hadi Agosti ndiyo yenyewe, kipupwe, mchana hauungui. Masika sahau. Lile bonde la Ruvu Chini likijaa maji, si la kuchezea.

Bint Dunda

Kwa hiyo mnaondoka lini? Mimi siji Tegeta saa kumi na mbili, nawasubiri Makofia. Na tukifika Msata tunakata kulia, nishasoma maelezo ya Mkwere.

Nyuma ya Msafara

Skuta ya 110, halafu Wami na kurudi. Tutafika Jumatatu.

Mkwere Halisi

Mimi nitakuwa Msata pale njia panda na pikipiki yangu ni SanLG, kongwe. Tuone nani mdogo.

Cheni Kavu

Kinachoangaliwa ni ujazo wa injini, Mkwere, si umri. Ya kwako ni ngapi?

Mkwere Halisi

Kadi inasema 125. Yenyewe inasema vingine.